Mwiko wa Bi Mdogo

Nilikuwa nimeweka mwiko: mguu wa yule mwanamke usikanyage uwanja wangu nikiwa hai. Mtaa mzima ulijua. Mume wangu alijua kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwoa juu yangu, akahamia kwake, akaniachia nyumba, binti mmoja wa kulea, na neno lake la "baadaye". Watu walimwita Bwana Baadaye hata kabla hajaniacha. Paa likivuja, baadaye. Mlango ukilegea bawaba, baadaye. Siku alipofunga nguo zake sandukuni nilimuuliza lini tutakaa tuzungumze, akajibu hivyo hivyo. Jirani yangu mshonaji, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya ua, alicheka mpaka akajichoma sindano.

Lakini ninayetaka kumsimulia si mume. Mume hana masimulizi. Ninataka kumsimulia Bi Mdogo, na wanaonijua wataona ajabu. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi kwa miaka nilitamani kumnyonga huyu, basi haki yake nitampa mimi.

Mwaka huo kiangazi kiliingia kikali. Ardhi ilipasuka vipande kama sahani zilizodondoka, na mchana mabati yalilia kwa joto, ta, ta, ta, kama mtu anatembea juu ya kichwa chako. Kiangazi ndio msimu wa nyumba. Mvua ikiwa mbali, watu hupanda mapaa, huchokoa majani kwenye mifereji, husugua matangi, hukwangua njia za mchwa, hupaka chokaa. Mtaa unakuwa nyundo na ngazi kutoka asubuhi. Kwangu hakukuwa na ngazi. Nilifanya yale mwanamke aliyebaki peke yake anaweza kuyafikia kwa ufagio, na ya juu nikamwachia Mungu.

Na ukuta wa nyuma, upande wa chumba ninacholala, ulikuwa umetoa tumbo. Ndivyo mafundi wanavyosema ukuta ukivimba katikati. Wangu ulivimba vizuri kabisa, na juu ya uvimbe kulikuwa na ufa uliopinda kama mshipa.

"Mwenzangu," mshonaji aliniuliza siku moja akiwa juu ya kinu chake anachokanyagia kuchungulia kwangu, "huyu wako yuko mwezi wa ngapi?"

"Karibu," nikamwambia. "Tayarisha nguo za mtoto."

Tulicheka, lakini nilikuwa nalala upande wa pili wa chumba.

Aliyeleta balaa ni kaka yake mume wangu. Huyu tunamwita Shemeji Futi, kwa sababu hatembei bila futi ya chuma kiunoni; akikusalimia anakupima kwa macho kwanza. Alikuja na Bwana Baadaye nyuma yake. Akavuta futi kwenye ukuta, akairudisha kwa mlio, akafanya uso wa msiba.

"Shemeji," akasema, "usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huu hauzibiki tena. Hauvuki masika. Utakuangukia ukiwa kitandani, halafu ulimwengu useme tumekuua."

"Sasa?"

"Sasa tunaubomoa kabla ya mvua. Ukuta ukienda, nyumba yote inaenda, tusidanganyane. Kiwanja ni cha marehemu baba yetu. Tutajenga vyumba vya kisasa. Wewe utakwenda kwa binti yako."

Binti yangu anakaa chumba kimoja na mume na watoto. Pazia ndilo linalotenganisha kitanda na jiko.

"Na mimi nitarudi lini?" Nikamwangalia mume wangu.

Hakuna aliye hai asiyejua alichojibu.

Nyumba ile ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho. Nikitoka pale natoka na mkeka na sufuria. Hasira ikanipa ujanja, au hivyo nilidhani. Nikasema mimi siondoki kwa neno la futi. Aletwe fundi wa kuta, aukague. Akisema mbele yetu sote kwamba ukuta umekufa, nitatoka bila kelele. Akisema mzima, nisiguswe tena maisha yangu.

Shemeji Futi alinyoosha mkono haraka tukakubaliana, mshonaji akiwa shahidi juu ya kinu. Kisha akacheka.

"Kwani fundi wa kutafuta wa nini? Fundi tunaye kwenye ukoo."

Ndipo nilipokumbuka kazi ya Bi Mdogo ni nini.

Alikuja mapema, jua bado halijashika mabati. Suruali ya kazi imekauka chokaa magotini, kitambaa kichwani, gunia la vifaa begani, na mkononi mwiko wa chuma, ule wa kupigia lipu. Mwiko wangu na mwiko wake ikakutana mlangoni.

"Hodi hapa."

Nikaendelea kuchambua maharage.

"Hodi wenyewe."

"Mwenzangu, una mgeni!" mshonaji akapaza sauti kwa utamu.

"Sina mgeni. Nina mwizi, ila huyu anabisha hodi."

Bi Mdogo hakupandisha sauti. Ana sauti nene, ya mtu aliyezoea kuongea na walio juu ya jukwaa la miti. "Bi Mkubwa, mimi sikuja kwako. Nimekuja kwa ukuta. Ukuta uko nyuma, nitazunguka nje, nisikanyage ndani."

"Zunguka. Na usiniibie ukuta."

"Ukuta haubebeki, dada."

"Hata mwanaume nilidhani habebeki."

Hapo aliuma mdomo. Sikuona vizuri kama ni uchungu au kicheko. Akazunguka.

Nilimfuata, si kwa adabu, kwa kumlinda. Nilitegemea atapiga jicho moja, aseme umekufa, aende akachukue zawadi yake. Wapi! Aligeuza ndoo, akaketi, akautazama ukuta kama mtu aliyekwenda kumwona mgonjwa na hataki kumwamsha. Jua likapanda. Kivuli cha paa kikashuka juu ya lile tumbo, na yeye anatazama tu kivuli kinavyopinda. Mwishowe akasema bila kugeuka:

"Bi Mkubwa, naomba mwiko."

"Si huo mkononi?"

"Huu chuma, una kelele zake wenyewe. Naomba wa mti. Wa jikoni."

Nyuma ya ua mshonaji alipiga makofi. "Loo! Kachukua mume, sasa anataka mwiko! Kesho ataomba na chungu!"

Sijui kwa nini nilimpa. Nadhani nilitaka kuona ataufanyia nini. Aliushika upande wa bapa, akalaza shavu lake kwenye saruji, akafumba macho, akagonga kwa mpini, taratibu, akianzia chini. Du. Du. Akapanda. Du. Akafika kwenye tumbo. Ko. Ko. Akarudi chini, akapanda tena, ukuta mzima, kutoka pembe mpaka pembe, na uso wake ulikuwa unabadilika kama wa mtu anayesikia umbea.

"Njoo usikilize."

"Mimi?"

"Nyumba ni yako. Weka sikio."

Nikaweka. Saruji ilikuwa na joto. Tukawa tumelaza mashavu ukutani, uso kwa uso, mimi na yeye, karibu mpaka nikaona vumbi kwenye kope zake.

"Hapa?" Du. "Hapa kuna mtu ndani, anaitika karibu. Na hapa?" Ko, ko. "Hapa je?"

"Hapa kama kibuyu," nikasema. "Hakuna mwenyewe."

"Basi. Hili tumbo huenda si la ukuta."

"La nani?"

"La koti." Akapapasa ile saruji. "Nani alipiga hii?"

Nilimwambia. Nyumba ilijengwa kwa matofali mabichi, ya udongo uliokaushwa kwa jua tu, na zamani ilipakwa udongo na chokaa. Mwaka Bwana Baadaye alipopata kazi ya stoo aliona aibu, akataka nyumba ing'ae kama ya bosi wake. Akapiga saruji nzito nje, pande zote. Ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya leo, si baadaye.

Bi Mdogo alifunika mdomo kwa kiganja. "Saruji, juu ya udongo. Ni kumvika mtu koti la nailoni, umfunge vifungo vyote, umsimamishe juani. Jasho litatoka wapi?" Kisha akawa mzito. "Nitalibandua. Lakini sikuahidi kitu. Yawezekana nyuma yake matofali yameyeyuka kuwa uji. Yakiwa uji, nitasema umekufa."

"Najua utasema. Ndicho ulichotumwa."

"Ukiwa umekufa nitakwambia wewe kwanza, kabla yao."

Sikumwamini. Lakini nilikuwa nimetoa mkono wangu mbele ya shahidi.

Alianza kesho yake kwa nyundo na patasi. Kila pigo lilipita kifuani mwangu. Mabonge yalianguka, vumbi likafunika maharage, nguo, kuku. Alipofika kwenye tumbo aliingiza chuma kirefu nyuma ya saruji, akaegemea kwa uzito wake wote, na ukuta ukatoa sauti kama mti unaovunjika.

Nilipiga kelele. Nilimrukia, nikamshika kiuno. "Unaibomoa! Umetumwa unibomolee!"

"Rudi nyuma!" Akanivuta mkono, na pale pale saruji ikaachia. Haikuvunjika. Ilishuka nzima nzima, kubwa kama mlango wa ghala, ikalala chali uwanjani, ndani yake imelowa na kung'aa kama ganda la yai.

Na ukuta ulikuwa umesimama. Ulikuwa mnyoofu. Ule uvimbe wote, tumbo lote lililonifukuza kitandani kwangu, lilikuwa pale chini uwanjani, koti limevuliwa.

Mshonaji akaushika ua kwa mikono miwili, kinu kikayumba chini yake.

Bi Mdogo hakushangilia. Matofali yalikuwa meusi kwa maji na yananuka kama shimo la kisima. Alichukua msumari mrefu akauchoma kwenye tofali. Uliingia laini, nusu kidole, nikafa moyo. Kisha ukagoma. Akasukuma, ukagoma. Akachoma la pembeni, na la juu yake, kila moja linalainika nje na kugoma ndani.

"Kiini kipo," akasema. "Ila ukuta umelowa sana. Sasa si mimi wala wewe. Kiangazi ndicho kitakachoamua. Ukikauka kabla ya mawingu, utaishi. Mvua ikiuwahi hivi ulivyo uchi, unaanguka siku hiyo hiyo."

Kisha akainama, akaweka vidole vyake kwenye tofali moja lililo usawa wa goti. "Tazama. Aliyeyatengeneza haya aliyasukuma kwa mkono kwenye kibao cha kufyatulia. Alama bado zipo. Mkono mdogo, wa mwanamke, kidole cha mwisho kimepinda kwenda nje. Na alikuwa na haraka. Hili alilitoa kabla halijakaza, anaona kama dunia inamkimbia."

Nilificha mkono wangu ndani ya nguo.

Nilikuwa bibi harusi. Mama mkwe alikuwa anakanda udongo kwa miguu, mimi najaza kibao, jua linatukaanga, na mimi nilikuwa na haraka ya kuingia kwenye nyumba yangu. Nilikuwa nimesahau. Miaka yote ile nilikuwa nalala nyuma ya mikono yangu mwenyewe, imefunikwa saruji, na aliyekuja kunifunulia ni huyu. Alipokwenda kunywa maji nilipiga magoti nikaweka vidole kwenye zile alama. Haviingii tena, vimenenepa. Ila kile kidole cha mwisho kiliingia kwenye mpindo wake sawasawa.

Basi tukaanza kungoja jua. Kila asubuhi alikuja, akalaza mgongo wa kiganja kwenye matofali, juu, katikati, chini, kama mama anayepima homa. Mimi nilianza kuamka kabla yake ili nipime kwanza, na nilikuwa nakosea kila mara. "Limekauka," nasema. "Limepoa," ananijibu. "Kupoa si kukauka. Kavu halina ubaridi wala joto, unaligusa kama unajigusa mwenyewe." Weusi ukawa kahawia, kahawia ikaanza kupauka kutoka juu, na mstari wa unyevu ukawa unashuka chini polepole mno, mpaka nikawa natamani kuusukuma kwa mkono.

Hakukaa bure. Alisema maji hayaingii nyumbani bila kukaribishwa, akaenda kumtafuta aliyeyakaribisha. Akapanda juu ya paa peku, na mimi nikiwa chini nimeshika ngazi aliyokuja nayo niliona jambo ambalo bado nikilifikiria nasisimka. Mabati yale ni mazee. Paka akipita yanabonyea. Yeye alitembea wima, bila kutazama miguu, na hayakutoa hata mlio.

"Unapitaje huko?"

"Nakanyaga misumari. Palipo na msumari, chini yake pana mbao. Mengine yote ni karatasi."

Kwenye mfereji wa bati chini ya paa alitoa viota, kandambili ya mtoto, na mche wa mti uliokuwa umeota humo na kunenepa kuliko bustani yangu. Huo mti ndio ulioziba maji, yakawa yanarudi nyuma na kushuka katikati ya ukuta na koti lake. Aliushusha kwangu na mizizi yake yote. "Huyu hapa mwizi wako," akasema. "Mwingine sijui." Nikageuza uso. Nilitaka kucheka, na sikutaka anione.

Tulipokuwa tunakanda udongo wa kuzibia mashimo, mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa ndani yake, ndipo alipokuwa anasema habari zake. Hakunisimulia mimi hasa. Alikuwa anausimulia udongo. Baba yake alikuwa fundi lipu na alizaa mabinti watupu. Wenzake wakamcheka: umekufa na mwiko wako, nani ataurithi? Yule mzee akawajibu: "Mwiko umeshikwa na wanawake tangu dunia iumbwe. Nyie ndio mliouazima." Akamfundisha huyu wa mwisho. Alimfunga macho kwa kitambaa akampitisha mikono kwenye kuta za mtaa mzima, aseme hii mbichi, hii ya kuchoma, hii inadanganya.

Mzee alipofariki, kwenye kazi za watu walimpa ndoo ya kubebea maji. Fundi gani, wakasema, anayefunga kitambaa. Mpaka siku walipokuwa wanapiga lipu ya dari, na kila wakirusha inawarudia usoni, na msimamizi anatukana. Bi Mdogo akatua ndoo, akapanda, akairusha kwa mkupuo wa chini kwenda juu, kama anageuza chapati, ikashika. Akairusha nyingine, ikashika. Wakakaa wote wanatazama juu midomo wazi, na mmoja ikamdondokea mdomoni, na hilo ndilo tone pekee lililoanguka siku ile.

Aliyekuwa mtunza stoo pale alikuwa Bwana Baadaye.

"Aliniambia mke wake alikwenda zake," akasema, mikono ndani ya udongo.

"Na ulipojua hakwenda?"

Alikanda kwa muda mrefu. "Nilikuwa nimeshaingia."

"Basi."

"Basi, Bi Mkubwa."

Sikuuliza zaidi. Pengine alidanganywa kweli. Lakini alipojua, hakunirudishia changu, na mimi si mtu wa kujifanya sioni. Mwenye kovu usidhani kapoa. Ila nilimtazama anavyobonyeza udongo kwenye mashimo ya matofali yangu, kidole kwa kidole, hapiti juu ya zile alama za mkono, anazizunguka. Hakuna aliyemwambia azizunguke.

Mawingu ya kwanza yalionekana mbali, membamba, kabla mstari wa unyevu haujafika chini. Siku hizo sikuweza kula. Bi Mdogo alichimba mtaro mguuni pa ukuta ili upepo upite kwenye msingi, akajaza kokoto. Asubuhi moja nikalaza mkono chini kabisa, sikuhisi baridi wala joto. Nikadhani nimekosea kama kawaida. Yeye akaja, akaweka wake, akaniangalia.

"Umepata," akasema.

Siku ile ile alizima chokaa. Kama hujawahi kuona, huwezi kuamini, na mimi nilikuwa sijawahi. Aliweka maji ya kawaida, baridi, kwenye pipa. Akaniambia nisimame mbali na nifumbe macho nusu. Akatia mawe meupe ya chokaa. Maji yakanyamaza kidogo, kisha yakaanza kunung'unika, kisha yakachemka. Hapakuwa na kuni, hapakuwa na moto, ila yalitokota na kurusha mvuke, pipa likawa haligusiki. Mshonaji alishuka kwenye kinu akaja mpaka ndani ya uwanja wangu kutazama. Tulisimama wanawake watatu tumezunguka pipa la maji yanayojichemsha yenyewe.

"Moto umo ndani ya jiwe," akasema Bi Mdogo. "Unangoja maji tu."

Alipaka nyembamba kama maziwa yaliyozidishwa maji, akaacha ikauke, akapaka tena, tena, tena. Mwanzo haikuonekana kitu. Kisha ukuta ukaanza kuwa mweupe kutoka ndani, kama mtu anayepata nafuu.

Shemeji Futi alikuja na Bwana Baadaye mawingu yakiwa yamekaribia. Alikuwa na shati zuri na futi yake kiunoni. Alipoona ukuta alikunja uso, kisha akatabasamu, kwa sababu aliona ni mapambo ya maiti.

"Haya, fundi," akasema. "Shahidi yupo, wenyewe tupo. Toa neno. Na usiwe na wasiwasi, chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani, ni chako. Tulishakipima."

Kumbe hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilimtazama Bi Mdogo. Alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo na hakushtuka, maana alijua tangu siku ya kwanza. Siku zote zile alizokuwa anapima homa ya ukuta wangu, alikuwa anajua ukifa anapata chumba.

"Ukuta mzima," akasema.

"Umesemaje?"

"Mzima. Ulivikwa vibaya. Nimeuvua, umekauka, nimeuvika nguo yake. Utatuzika sote."

"Mimi sikukuleta useme hivyo!"

"Ulinileta niukague, shemeji. Nikisema huu umekufa, kesho nitagonga ukuta wa mtu mwingine, mkono uniambie mzima, na mimi nitaujuaje tena kama unasema kweli? Huu mkono ndio nilionao. Siwezi kuufundisha uongo."

"Hata tumbo—"

"Tumbo lile pale, umelikanyaga." Kweli alikuwa amesimama juu ya kipande cha saruji. "Sukuma ukuta. Sukuma, usiogope."

Akasukuma kwa kiganja. Akasukuma kwa bega, akachimba visigino kama anasukuma gari bovu. Ukuta ulimtazama tu. Alipotoka, nusu ya shati lake ilikuwa nyeupe, na shavu, na sikio.

"Shemeji," mshonaji akasema kwa upole mkubwa, "umependeza. Geuka na upande wa pili."

Bwana Baadaye alikuwa amekunja mikono. Akamwambia mke wake mdogo, kwa sauti ya chini ya kutisha watoto, "Tutazungumza baadaye."

"Mimi nimeshamaliza," akasema Bi Mdogo, akaokota gunia.

Nilimmiminia maji mara ya mwisho asuuze mikono. Chokaa ilikuwa imemla, vidole vimepasuka kwenye kila kiungo. Nilitaka kumwambia asante. Neno lilipanda mpaka kooni, likakuta mengine yamekaa pale tangu zamani, hayakulipisha. Nadhani aliliona. Alisema tu, "Kila kiangazi, chokaa mpya. Usingoje mtu," akaondoka.

Mvua ilipokuja ilikuja kwa hasira, mchana, kutoka upande wa nyuma hasa. Nilikuwa chumbani kwangu. Nikafungua dirisha, nikamwona Shemeji Futi amesimama uwanjani na mwavuli, viatu ndani ya matope, anautazama ukuta wangu. Alikuwa amekuja kuuona ukianguka. Maji yalipiga ile chokaa, yakateremka, yakaingia kwenye kokoto na kupotea. Mfereji wa paa ulikuwa unaimba. Nililaza mkono ukutani upande wa ndani. Sikuhisi baridi wala joto.

Kisha ikakatika ghafla kama ilivyoanza, jua likatoka kali, na hapo nikatoka nje, kwa kuwa nilichokiona dirishani sikukiamini. Ukuta ulikuwa unafuka. Kutoka chini mpaka juu ulikuwa unatoa mvuke mweupe, mwembamba, unapanda taratibu kwenye jua, kama pumzi za ng'ombe asubuhi. Maji yaliyoingia yalikuwa yanatoka yenyewe, kwa amani. Nilisimama na mkono kifuani. Nilijenga nyumba ile nikiwa msichana, nimezeeka ndani yake, na sikujua kwamba inapumua.

Shemeji Futi naye alisimama. Mwavuli aliusahau wazi kichwani, juani. Mwishowe akakohoa.

"Shemeji. Yule Bi Mdogo anapatikana wapi?"

"Si umuulize mdogo wako."

"Ametoka kwa mdogo wangu. Siku ile ile alifunga vitu vyake." Akachora matope kwa ncha ya kiatu. "Ni kwamba nyumba yangu, nilipiga saruji mwaka ule ule alipopiga mdogo wangu. Tulinunua pamoja. Na nyuma kule naona kama kuna... pamevimba."

Nilijua anakokaa Bi Mdogo. Alipanga chumba karibu na machimbo ya mawe ya chokaa, na tangu ukuta uanze kufuka nilikuwa nawaza namna ya kumwambia habari za mvuke ule bila kuonekana nimekwenda kumsalimia.

"Mvua zimeshaingia, shemeji," nikamwambia. "Ukuta haufunuliwi kwenye mvua. Ngoja kiangazi. Kama utakuwa bado umesimama."